Kutoka doti ya merikani mpaka gauni ya kwenye simu



Mwezi uliopita tulifanya arusi ya mdogo wangu hapa Baraka. Wengi mlikuwepo, mlikula, mlicheza, asanteni sana. Lakini wachache ndio wanajua kwamba siku kumi na tisa kabla ya arusi ile, nyumbani kwetu kulikuwa kama kwenye kilio. Gauni aliyokuwa ameikomanda kwa simu ilifika, tukafungua nailoni, akaivaa, ikakataa kupita kifuani. Alikuwa ametoa dola 140, kwa gauni yenyewe na kwa komisionere. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, hiyo ni mishahara. Akakaa chini na gauni mapajani, akaniambia: "Yaya, picha na nguo ni vitu viwili."

Mama mkubwa naye hakukawia. "Ninyi watoto wa masomo, mnanunua nguo kwenye picha! Sisi zamani tulikuwa tunashika kitambaa na mkono, tunakivuta, ndiyo tunatoa makuta." Wamama wengine wote wakaitikia. Mimi nimesoma historia, lakini siku ile nilinyamaza, juu mtu hafundishi historia mbele ya dada anayelia. Leo nimepata nafasi ya kujibu. Jibu langu ni kwamba Mama mkubwa ana haki nusu. Kushika kitambaa kabla ya kulipa, ndiyo, mnunuzi wa mwisho alishika. Lakini kabla ya yule wa mwisho kulikuwa na mlolongo mrefu wa watu waliolipa, waliokopa na waliotuma bidhaa ambazo hawajaziona, na mlolongo huo umepita kwenye ziwa letu kwa zaidi ya miaka 150.

Tuanze ng'ambo, Ujiji. Mwezi wa pili wa mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika pale wakitoka pwani kwa miguu. Walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wameshatangulia miaka mingi. Mwezi wa nne wakapanda mitumbwi kwenda kaskazini mpaka Uvira, na njiani wakapita Ubwari. Burton aliiona Ubwari akadhani ni kisiwa. Nadhani kila mtoto wa Baraka anacheka akisikia hivyo, lakini ghuba yetu mpaka leo kwenye ramani inaitwa kwa jina lake. Kilichonivuta mimi si jina. Ni kile kilichokuwa ndani ya mizigo iliyofika Ujiji: ushanga, waya za shaba, na nguo. Nguo kuliko vyote.

Kabla ya hapo watu wa maeneo ya ziwa walivaa ngozi na nguo za magome ya miti yaliyopondwa. Nguo ya pamba ilipofika ilikuwa kitu cha heshima, na pia ilikuwa feza. Iliyosifiwa sana iliitwa merikani. Jina linajieleza lenyewe: kilikuwa kitambaa kigumu, kisichopauswa, kilichofumwa kwenye viwanda vya kaskazini-mashariki ya Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika Massachusetts, walikuwa wanakileta Zanzibar kwa meli na kurudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Seyyid Said walitia sahihi mkataba wa biashara. Pembeni ya merikani kulikuwa na kaniki, nguo ya buluu nzito iliyotoka India. Kutoka Zanzibar mizigo ilivuka mpaka Bagamoyo, ikabebwa kwa mabega ya watu mpaka Tabora, halafu Ujiji, halafu ikaingia mitumbwini kuja pande zetu. Safari ya miezi mingi.

Sasa angalieni namna biashara ile ilivyofanya kazi, mtaona kitu mnachokijua. Mfumaji wa Salem hakumjua mvaaji wa ziwani. Mvaaji naye hakumjua mfumaji. Katikati yao kulikuwa na mwenye meli, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar aliyekopesha mali, kiongozi wa msafara, na muuzaji wa Ujiji. Na kila sehemu ya bara ilikuwa na mapendeleo yake. Ushanga uliopendwa huku ulikataliwa kule. Nguo yenye mstari fulani ilitembea mwaka huu, mwaka kesho watu wanaigeuza shingo. Msafara ukikosea rangi, mizigo inabaki mikononi na chakula hakinunuliki. Ndiyo maana Henry Stanley, kabla ya kuondoka pwani mwaka 1871, aliwauliza wafanyabiashara Waarabu wa Zanzibar abebe nguo gani, ushanga gani, na kiasi gani. Msafara unaorudi pwani ndio uliokuwa unaleta habari ya kile watu wa bara wanachokitaka. Leo habari hiyo inakwenda kwa picha na dakika moja, lakini swali ni lilelile: yule aliye mbali amenielewa ninachokitaka?

Kisha kuna kipimo, na hapa ndipo gauni ya mdogo wangu inaponirudia. Nguo ya msafara ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kisukusuku mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili ni doti, karibu yadi nne. Ni kipimo rahisi, kila mtu anatembea nacho. Lakini mkono wa nani? Mwenye mkono mrefu akinunua anapata nguo nyingi, mwenye mkono mfupi akiuza anatoa kidogo. Kipimo kilikuwa na jina moja na urefu tofauti, na kila doti ilikuwa na mlango wa mabishano.

Na mizigo kupotea? Livingstone, ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni kama mtu wa safari tu, aliagiza nguo na ushanga kutoka Zanzibar vimngojee Ujiji. Alirudi pale mwaka 1871 kutoka Manyema, mgonjwa, amechoka, akakuta mtu aliyekabidhiwa mali yake amekwisha kuiuza yote. Akabaki karibu kuomba chakula, mpaka Stanley alipofika na mizigo yake. Ndugu zangu, kama komisionere amewahi kukuzimia simu na mzigo wako, ujue mzee Livingstone amekutangulia kulia, tena ng'ambo yetu hapo tu.

Lakini siwezi kusimulia nguo hii kana kwamba ilikuwa pambo tu. Merikani na kaniki zilinunua pembe, na zilinunua watu. Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, anayejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa kutoka Ujiji, na watu wake walifika pwani hii ya magharibi, Masanze mpaka Uvira. Vijiji vilichomwa, watu wakavushwa ziwa kama mizigo. Kwa hiyo tunapoitaja ile "nguo nzuri ya zamani", tukumbuke kwamba kulikuwa na watoto wa wazee wetu waliohesabiwa kwa doti. Sisemi hivi ili tuvunje furaha ya arusi. Ninasema juu mtu aliyesoma historia akiruka ukurasa huu, anadanganya.

Sasa rangi nyeupe ilitoka wapi? Wengi wanadhani gauni nyeupe imeandikwa kwenye Biblia. Haiko. Hata Ulaya si ya tangu zamani kama tunavyofikiri. Mabibi-arusi wa kule walivaa gauni yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote, na kesho yake waliendelea kuivaa. Mwezi wa pili mwaka 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa akiwa na gauni nyeupe yenye lesi. Michoro ya arusi ile ilisambaa, matajiri wakaiga, wengine wakafuata polepole. Miaka arobaini tu baadaye, mwaka 1880, Mapadri Weupe walifungua kituo Masanze, upande wetu wa ziwa. Baadaye yakaja makanisa mengine, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, na arusi ya kanisani ikaingia na mavazi yake. Kwa hiyo ile tunayoiita desturi ya kanisa ilikuwa fashoni mpya ya Ulaya wakati ilipoanza kutukaribia. Bibi zetu waliipokea, wakaichanganya na mambo yao, ikawa yetu. Hakuna ubaya. Ila tusimhukumu mtu kwa kitu ambacho historia yake ni fupi hivyo.

Wakati wa Wabelgiji mambo yaligeuka tena. Toka mwaka 1917 kilimo cha lazima kiliwekwa katika koloni, na pamba ilikuwa zao lake kubwa. Mlimaji alilima asichokula, akauza kwa bei ambayo hakuipanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji wa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ulikuwa na kiwanda cha kufuma nguo, Filtisaf. Fikirieni hilo: kulikuwa na wakati ambapo kitambaa kilifumwa kwenye ziwa hilihili, upande wetu huu, na Mama mkubwa wa enzi hizo aliweza kuvaa nguo iliyotoka safari ya mashua tu. Leo kiwanda kile hakifumi tena. Nikiwaona wanafunzi wa uchumi wanaandika kuhusu biashara ya neti, natamani mmoja aandike pia kuhusu kimya cha mashine za Kalemie.

Na kuna pagne. Kampuni ya Vlisco ilianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na ile wax tunayoiita ya Hollande ilizaliwa kwa kuiga batiki za Java. Waholanzi waliiga nguo ya Waasia, wakawauzia Waafrika, na leo mama wa bibi-arusi akikosa pagne yake kwenye orodha ya mahari anasema mila yetu imevunjwa! Mobutu naye alipotangaza uhalisi, baada ya nchi kuitwa Zaïre mwaka 1971, alikataza tai na suti za Kizungu, akaleta abacost. Wanawake wakakatazwa suruali, wakaambiwa wavae pagne. Serikali iliingia mpaka kwenye kabati. Tangu hapo arusi zetu zina mavazi mawili: pagne siku ya mahari, gauni nyeupe siku ya kanisa. Bibi-arusi anabeba historia mbili katika juma moja, na mwenye kulipa analipa mara mbili.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1996 watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo, na Lugufu ikafuata. Mimi nimekulia huko. Watu walidhani mkimbizi haoi. Tulioa na tuliolewa. Kwenye kanisa letu kulikuwa na gauni moja nyeupe, sijui ilitoka wapi, imekunjwa ndani ya sanduku la mama mmoja wa kwaya. Bibi-arusi mnene aliachiwa mshono, mwembamba alibanwa na pini. Ilifuliwa Jumapili, ikaanikwa, ikangoja mwingine. Dada yetu mkubwa aliivaa, na katika picha yake ya pekee pini inaonekana kwapani. Mwaka 2005 HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, watu walishuka na sufuria, mabati na magodoro. Gauni ile sikuiona tena. Lakini ninavyokumbuka, hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani au bei gani. Iliwatosha wote.

Kurudi kwa amani kidogo kukaleta biashara. Kwanza tulikodi gauni Uvira au Bujumbura, halafu saluni za hapa Baraka zikaanza kukodisha. Simu zikaja, na mwaka 2012 M-Pesa ikaanza Congo, kutuma makuta kukawa kazi ya vidole. Leo msichana wa Baraka anaangalia picha usiku, na gauni anayoiona mara nyingi imeshonwa China. Mji wa Suzhou, eneo la Mlima wa Chui, unajulikana kwa maduka na mafundi wa gauni za arusi zinazouzwa dunia nzima. Salem ya siku zetu ndiyo hiyo. Duka halina njia ya kuleta mzigo mpaka mlangoni kwako, juu mlango wako hauna namba wala barabara yako haina jina kwenye ramani yao. Kwa hiyo anahitajika komisionere wa Bujumbura au Kigoma. Mzigo unapita Uvira na barabara ya taifa namba 5, Makobola, Mboko, mpaka huku, au unavuka kwa boti. Mvua ikikata barabara, gauni inalala njiani kama merikani ilivyolala Tabora.

Kosa letu lilikuwa nini? Nilikaa na mdogo wangu tukafuata hatua moja moja. Fundi alimpima vizuri kwa sentimeta: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Karatasi ninayo. Lakini komisionere alipofika kwenye ukurasa wa duka, akaona herufi: S, M, L. Akaandika M, kwa sababu mdogo wangu hapa Baraka akinunua blauzi anachukua M. Hakuangalia jedwali la duka, na M ya duka lile ilikuwa ndogo kuliko M ya mitumba tuliyoizoea. Herufi moja, miili miwili. Nikakumbuka doti. Kipimo chenye jina moja na urefu tofauti, karne na nusu baadaye, kimetuliza dada yangu. Komisionere tulimpigia. Alisema yeye ni wa kutuma tu. Makuta hayakurudi.

Hapo ndipo ninampa Mama mkubwa nusu yake ya haki. Kilichopungua leo si mkono wa kushika kitambaa. Katika biashara ya misafara, aliyekopa mali alijulikana: ukoo wake, nyumba yake, mdhamini wake. Alidanganya, ndiyo, Livingstone ni shahidi, lakini jina lake liliharibika kutoka Ujiji mpaka Zanzibar. Komisionere wetu alikuwa namba ya simu. Akibadilisha laini, amezaliwa upya.

Kwa hiyo, wapendwa, mkitaka kununua gauni kwa simu, nunueni, siwakatazi. Lakini andikeni vipimo kwa sentimeta, mlinganishe wenyewe na jedwali la duka hilohilo, wala msikubali herufi. Mpeni komisionere mnayejua kwao, na malipo yake ya mwisho yangoje mzigo. Mkomande miezi mitatu kabla, si wiki tano. Na muachie fundi wa hapa kazi ya mwisho.

La mwisho ndilo zito kwangu. Kuna vijana kwenye ukurasa huu, ninawajua, ambao mahari imekwisha kutolewa, wazazi wamekubaliana, na bado wanaahirisha arusi mwaka wa pili sasa juu gauni na sherehe hazijafikia kiwango cha picha. Wengine wameanza kuishi pamoja bila cheti, na mtoto amezaliwa. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mahari, inataka hiari ya wawili, inataka ofisa wa serikali aandike ndoa. Haijataja gauni. Mwanamke asiye na cheti, siku mume akifa, ndiye anayebishana na wakwe juu ya nyumba na shamba. Hatari hiyo ni kubwa kuliko aibu ya kuvaa gauni ya kuazima.

Gauni ya mdogo wangu iliokolewa na fundi wa sokoni, mama mmoja mwenye charahani ya miguu. Alifumua mgongo wote, akatoa zipu, akaongeza vipande vya satini nyeupe pande mbili, akatoboa matundu na kupitisha kamba ya kufunga kama kiatu. Alitaka franga 35,000. Mgongo ule sasa unafungwa kwa mwembamba na unafunguliwa kwa mnene. Siku ya arusi Mama mkubwa aliushika na mkono, akauvuta, akasema: "Hii sasa ni nguo."

Mdogo wangu hakuifungia kabatini. Binti wa jirani anaolewa mwezi wa nane, amekwisha kuja kuijaribu. Mwingine ameomba ya mwezi wa kumi na mbili. Nikimwona anaikunja ndani ya sanduku, namkumbuka yule mama wa kwaya wa Nyarugusu.

Nanyi mama zenu na bibi zenu walivaa nini, na ilitoka wapi? Waulizeni wangali hai, mtuandikie hapa.